Njugu Moja Iliyokataa Milango Yote

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa ghala.

Na ghalani mna nini?

Mna njugu.

Na njugu zina nini?

Zina ukaidi. Tusimulie.

Basi sogeeni, na aliyeficha mikono ndani ya nguo aitoe, kwa maana ngano hii ina hesabu tumboni mwake na vidole vitahitajika.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na majiko na majamvi kama tulivyo navyo sisi, palikuwa na kijiji kikiitwa Vichuguuni. Kilikuwa na milango kumi. Husemwa milango, wala haisemwi watu, kwa sababu pale nyumba ilihesabiwa kwa mlango wake, awemo ndani kapera mmoja au wawemo watoto wa kujaza kapu. Milango yote kumi ililima shamba moja la njugu mawe. Ikapanda pamoja, ikapalilia pamoja, ikang'oa pamoja, na mavuno yakaingia ghala moja.

Na walikuwa na sheria yao ya kugawana. Zamani za mababu, ndugu wawili walibakiwa na njugu moja, wakaigombania hadi mmoja akapoteza sikio na mwingine akapoteza ndugu. Tangu hapo ikaamuliwa hivi: mavuno yagawanywe mafungu sawasawa, fungu moja kwa kila mlango, na isibaki hata njugu moja. Ikibaki, warudi shambani kuokoteleza zilizofichwa na udongo, hadi hesabu ikae. Na shamba likiwa limekwisha kuokotelezwa, njugu zote zirudi ghalani zingoje, mpaka idadi ya milango ibadilike. Na atakayekula kabla mgawo haujatimia, huyo hana fungu.

Mnacheka? Nendeni kwanza mkazitazame sheria za kwenu.

Mlinzi wa ghala alikuwa Nyegere, mwenye kucha za kuchimbia na ngozi isiyoingia mkuki. Nami nitamtendea haki: Nyegere hakuwa mwizi. Hata njugu moja hakuwahi kuigusa kwa meno. Alichopenda Nyegere ni chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Na desturi ilikuwa kwamba mlinzi asikae na njaa karibu na chakula cha wenzake, kwa hiyo maadamu njugu zimo ghalani, milango ilimlisha kwa zamu. Miaka mingi zamu hizo zilikuwa fupi. Mavuno yaliingia, yaligawanywa, na mlinzi akarudi kujichimbia mizizi yake kama kawaida, huku akinung'unika.

Ukaja mwaka wa ukame. Shamba likakauka kama kigae, likaokotelezwa hadi halikuonekana kitu. Njugu zilipoingia ghalani, Nyegere alifunga mlango, akazigawa peke yake sakafuni, apate kujua kama atalishwa kwa muda mrefu. Akazigawa kwa kumi: zikakaa sawasawa. Akasema, pengine mmoja atahama, akazigawa kwa tisa: sawasawa. Akazigawa kwa nane: sawasawa. Akaendelea, kwa saba, kwa sita, kwa tano, akashuka hadi mbili, na kila mara sakafu ilibaki safi. Akaketi, akashika kichwa.

Njugu zile zilikuwa elfu mbili mia tano na ishirini. Wanaoijua hesabu wanasema hakuna nambari ndogo kuliko hiyo inayopatana na wote, tangu mmoja hadi kumi, bila kumnung'unisha yeyote. Ni nambari yenye tabia njema kupita zote za rika lake. Nyegere aliichukia.

Kupunguza moja ulikuwa wizi, na yeye hakuwa mwizi. Lakini nani amewahi kukatazwa kuongeza? Akatoka hadi shambani, akachimba chini ya jiwe ambako jembe halikufika, akapata njugu moja iliyosahauliwa. Akaitia ghalani pamoja na wenzake, akapangusa mikono, akajiona ametoa sadaka.

Sasa zikawa elfu mbili mia tano ishirini na moja. Hiyo ndiyo nambari kaidi. Jaribuni wenyewe mkifika nyumbani. Haigawanyiki kwa mbili, wala kwa tatu, wala kwa nambari yoyote mtakayoitaja, isipokuwa mpate mtu mmoja azichukue zote, au mpate kijiji chenye milango elfu mbili mia tano ishirini na moja, kila mlango ule njugu moja ulale.

Siku ya mgawo ikafika. Mgawaji alikuwa Mzee Mhanga, ambaye kucha zake zilikuwa ndefu na subira yake ndefu zaidi. Akatandika jamvi, akaanza kuimba kama ilivyo ada:

*Moja kwako, moja kwake,*
*moja kwa aliye mbali;*
*isizidi, isipungue,*
*jamvi libaki safi.*

Akaimba hadi koo likamkauka. Mafungu kumi, kila fungu njugu mia mbili hamsini na mbili. Na katikati ya jamvi ikabaki njugu moja.

Wakaitazama. Nayo ikawatazama.

Nyegere akashusha pumzi kwa huzuni kubwa. "Poleni sana, jamani," akasema. "Zirudi ghalani. Leo ni zamu ya nani?"

Ilikuwa zamu ya Bi Kanga. Huyu alikuwa mjane wa madoadoa, mwenye vifaranga wengi na sauti iliyojulikana hadi kijiji cha pili. Nyumbani mwake palikuwa na kunde kidogo chunguni. Akazipakua, akampelekea mlinzi, na vifaranga wakaramba mwiko. Nyegere alikula, akauliza kama kwao nazi zilikuwa haziuzwi.

Njaa ikakaza. Ngiri akafungasha, akachukua mkewe na watoto, wakaenda kuishi kwa wakwe zake ng'ambo ya mto. Milango ikabaki tisa. Mzee Mhanga akatandika jamvi, akaimba:

*Moja kwako, moja kwake,*
*moja kwa aliye mbali.*

Mafungu tisa, kila fungu mia mbili na themanini. Na katikati ya jamvi ikabaki njugu moja.

"Poleni sana, jamani," akasema Nyegere. "Zirudi ghalani. Zamu ya nani?"

Njaa ikazidi kukaza. Nungunungu, aliyekuwa kapera, akahamia kwa dada yake, akaufunga mlango wake kwa mwiba aliojing'oa mgongoni. Milango ikabaki minane. Jamvi likatandikwa, wimbo ukaimbwa kwa sauti ya chini kwa kuwa waimbaji hawakuwa na nguvu. Mafungu manane, kila fungu mia tatu na kumi na tano. Na katikati ya jamvi ikabaki njugu moja.

Siku hiyo Bi Kanga alikuwa na jambo linalomtisha kuliko njaa. Vifaranga wake walikuwa wameacha kugombana. Hawakusukumana, hawakunyang'anyana, hawakushtakiana kwa mama yao. Walikaa tu ukutani, mmoja kando ya mwenzake. Mama wa vifaranga anakijua kimya cha namna hiyo, na anajua kinachokifuata.

Akaitazama njugu iliyobaki. Wengine wote waliitazama kwa hofu, yeye akaitazama kwa jicho moja, kama ndege anavyotazama, halafu kwa jicho la pili.

"Babu Mhanga," akauliza, "tulipokuwa kumi, zilibaki ngapi?"

"Moja, mjukuu wangu."

"Tulipokuwa tisa?"

"Moja. Na leo moja. Hili ni jini, tusilitaje sana."

"Si jini, babu. Zingine zote zimekubali kumi, zimekubali tisa, zimekubali nane. Hazina ugomvi na mtu. Mgomvi ni mmoja."

Akaomba ile moja iwekwe kando, na nyingine zigawanywe. Wazee wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Lakini Nyegere akasimama, akawakumbusha ya mababu, sikio lililopotea na ndugu aliyepotea. Akasema kuiweka njugu kando ni kuificha, na kuitupa ni kuila kwa mkono, na kwamba sheria ikitobolewa tundu dogo kama njugu, kesho ng'ombe atapita. Alisema vizuri sana. Aliyeshiba huwa na pumzi ya kusema. Wazee wakaona haya, wakaagiza zikusanywe.

Wakainama kukusanya. Bi Kanga naye akainama, akawasaidia kwa bidii. Alipoinuka, njugu moja ilikuwa chini ya ulimi wake.

Nyegere akauliza ni zamu ya nani. Zamu haikuwa ya Bi Kanga, lakini yeye ndiye aliyeinua bawa. Wakamuuliza kama ana uhakika. Akaitikia kwa kichwa. Wakamuuliza kama ana kitu cha kupika. Akaitikia kwa kichwa. Kijiji kizima kikamhurumia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona Bi Kanga akiulizwa maneno mawili asijibu ishirini. Wakasema huzuni imemziba mdomo.

Akafika kwake, akaitema njugu, akaiosha, akaitwanga. Akaichanganya na kunde za mwisho, akaipika taratibu hadi harufu ikawaamsha vifaranga ukutani. Akawageuzia mgongo, kwa kuwa angewatazama angewapa. Akalibeba bakuli hadi mbele ya ghala, watu wote wakiona.

Nyegere akaonja. Akafumba macho. "Bi Kanga," akasema, "leo ndipo umepika. Umetia nini humu?"

"Nilichojaliwa kupata, bwana mlinzi."

Akala hadi bakuli likang'aa. Na aliposhiba, akawa mkunjufu. Ndipo Bi Kanga akaomba, kwa unyenyekevu ambao haukuwa wake, kwamba jamvi litandikwe mara moja zaidi. Mzee Mhanga akasema milango haijabadilika, itakuwa kuchosha koo bure. Nyegere akacheka, akajilaza kivulini, akasema waache wagawe, na kwamba yeye hupenda kusikiliza wimbo baada ya chakula.

*Moja kwako, moja kwake,*
*moja kwa aliye mbali;*
*isizidi, isipungue —*

Mafungu manane, kila fungu mia tatu na kumi na tano. Jamvi likabaki safi.

Kisha kikapanda kigelegele kimoja, na cha pili, na cha tatu. Nyegere akaruka kutoka kivulini. Akatazama juu ya jamvi, akatazama chini ya jamvi, akainua mkia wa Mzee Mhanga, akatazama na hapo.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Je, Ngiri? Ngiri hakulima? Mtamlia jasho lake?"

Watu wakaona haya tena. Bi Kanga hakuogopa, maana tisa alikuwa amekwisha kuiona kwa macho yake. Akasema Ngiri aitwe. Ngiri akarudi kutoka kwa wakwe, na sura yake ilionyesha kuwa alikuwa akitekeshwa maji huko. Mafungu tisa, mia mbili na themanini kila moja. Jamvi safi.

"Na Nungunungu?" akauliza Nyegere, na sauti ilikuwa imeanza kupanda.

"Aitwe," akasema Bi Kanga. Na kumi pia alikuwa ameiona.

Nungunungu akauchomoa mwiba wake mlangoni, akaja. Mafungu kumi, mia mbili hamsini na mbili kila moja. Jamvi safi.

Nyegere akawakataza watu wasiguse kitu, akatoka mbio. Akarudi akihema, na nyuma yake alikuja nyegere mzee, mpole, amebeba mlango mgongoni. Ulikuwa mlango wa mbao, umepakwa chokaa, wenye bawaba zake. Akausimamisha mwisho wa kijiji, akauegemeza kwenye kichuguu, akaketi mbele yake.

"Huyu ni mjomba wangu," akasema Nyegere. "Amehamia."

Ngiri akauliza mjomba huyo alilima lini. Nyegere akamjibu kuwa sheria inahesabu milango, haihesabu majembe. Wazee wakanong'onezana, wakaikumbuka sheria neno kwa neno, na ilikuwa hivyo kweli. Mlango ni mlango.

Hapo moyo wa Bi Kanga ukashuka hadi kwenye kucha. Nane aliiona, tisa aliiona, kumi aliiona. Kumi na moja hakuwahi kuiona. Mzee Mhanga akaimba, na yeye akawa anahesabu kimoyomoyo, na kila njugu iliyotua ilitua kifuani mwake. Mafungu kumi na moja. Kila fungu mia mbili ishirini na tisa.

Na katikati ya jamvi ikabaki njugu moja.

"Poleni sana, jamani," akasema Nyegere, na safari hii huzuni haikumtoka sawasawa. "Zirudi ghalani. Mimi na mjomba hatujala."

Migongo ikaanza kuinama. Bi Kanga akageuka, akawaona vifaranga wake wamesimama nyuma ya watu, kimya. Siri ile ya bakuli alikuwa amekusudia kuondoka nayo duniani. Akapanda juu ya jamvi.

"Kabla hazijarudi," akasema, "liko jambo. Kuna aliyekula kabla ya mgawo."

"Nilijua," akasema Nyegere upesi. "Zilipungua, nilijua. Atajwe, aondolewe, hana fungu huyo."

"Mmesikia wote?"

Wakasema wamesikia.

"Basi ni wewe, bwana mlinzi. Njugu ya ghala niliibeba chini ya ulimi, nikaitwanga, nikaitia kwenye kunde zako. Ukaniuliza nimetia nini, ukaramba bakuli. Watu wote walikuona."

Nyegere akamnyooshea Bi Kanga kidole. Kisha akasema kuwa mwizi ni mwanamke huyu, aliyekiri mwenyewe.

"Nilichukua, sikumeza," akasema Bi Kanga. "Sheria imemtaja mlaji. Ukitaka tumwongeze na mpishi, tumwongeze mwakani."

Vicheko vikapita kijijini, vicheko vyembamba vya watu wenye njaa. Ndivyo vilivyomharibia Nyegere, kwa kuwa alizoea kuhurumiwa na hakuzoea kuchekwa.

"Haikuwa ya ghala," akafoka. "Ilikuwa yangu mwenyewe. Niliichimba chini ya jiwe kwa kucha hizi, nikaitia mwenyewe humo, kwa hiyo nilichokula ni —"

Akajiziba mdomo. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na njugu zikitoka ghalani mtu huweza kuzirudisha, neno halirudi.

Mzee Mhanga akaikunja mikono yake mirefu polepole. "Uliitia," akasema. "Sasa chagua, mwanangu. Kama njugu ilikuwa ya ghala, umekula kabla ya mgawo, huna fungu, basi. Kama ilikuwa yako, ni wewe uliyetukalisha na njaa. Kosa hilo bado halijatungiwa adhabu. Tutakaa hapa hapa tuitunge, na atakayeanza kutoa shauri ni Ngiri."

Ngiri alikuwa akinoa pembe zake kwenye jiwe, bila haraka.

Nyegere akazitazama pembe. Akamtazama mjomba wake, ambaye alikuwa akiutazama mlango wake.

"Ilikuwa ya ghala," akasema kwa sauti ndogo. "Niliila. Ilikuwa tamu."

Basi mlango wa Nyegere ukatolewa katika hesabu, na milango kumi na moja ikawa kumi. Mzee Mhanga akaimba kwa mara ya mwisho, watu wote wakamwitikia. Mia mbili hamsini na mbili kwa kila mlango, na jamvi likabaki safi kama lilivyotoka kusukwa.

Bi Kanga akalibeba fungu lake hadi nyumbani, akalimwaga sakafuni. Kifaranga wa kwanza akamsukuma wa pili, wa pili akamdonoa wa tatu, wa tatu akaja kumshtaki kwa mama yake. Akawagombeza wote kwa sauti iliyofika kijiji cha pili, na machozi yakimtoka.

Na mjomba je? Mjomba alipata fungu lake kamili, maana mlango ni mlango. Alikula njugu mbili, akatia nyingine ndani ya kapu, akaliweka kapu juu ya mlango wake. Akasema kijiji ni kizuri, ila watu wake wana hesabu nyingi, na yeye anarudi kwake. "Haya, mpwa," akasema, "nibebee. Njaa ikikushika tutazungumza tukifika."

Nyegere akaubeba mlango, na kapu juu yake, na mjomba akakaa juu ya kapu. Njia ilikuwa ndefu na chokaa ilikuwa mbichi. Mkimwona nyegere leo, ametambaa chini, miguu mifupi, tumbo ni jeusi na mgongo ni mweupe tangu utosini hadi mkiani, msimuulize amejipaka nini. Atawararua.

Funzo la ngano hii ni hili: msimwachie kulinda mgawo mtu anayeshiba mgawo ukichelewa, hata akiwa si mwizi. Na mkikuta jambo zima limekataa kukaa sawa, msiyalaumu yote. Tafuteni lile moja.

Ngano yangu nimekwisha kuigawa, kila sikio limepata fungu lake, na ulimini mwangu halikubaki neno. Aliyepungukiwa alikuwa amesinzia. Na aliyezidishiwa, akae kimya, asije Nyegere akasikia.